Somo la Mazingira Nje ya Darasa: Mwongozo Kamili wa Mwalimu Anayeanza na Mita Moja ya Mraba

Somo zuri la mazingira huonekana kwenye magoti ya wanafunzi: yana udongo. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na mengi tunayotaka watoto wayajue kuhusu mazingira yako uvunguni kwelikweli, chini ya majani makavu, chini ya jiwe, kwenye mizizi.

Nakumbuka kundi la wanafunzi watano waliopiga magoti nyuma ya darasa lao, kwenye kipande cha ardhi walichokizungushia kamba, mita moja kwa mita moja. Binti mmoja aliinua jani lililolowa akamkuta jongoo, naye jongoo akajikunja papo hapo. "Mwalimu, huyu anakula nini hapa?" Sikumjibu. Nilimwambia alitazame vizuri lile jani aliloshika. Lilikuwa limebaki mishipa tu, kama wavu. Akalitazama, akamtazama jongoo, kisha akaanza kuokota majani mengine moja moja na kuyapanga, kuanzia lililo zima mpaka lililokwisha kuwa chembechembe nyeusi. Somo la viumbe waozeshaji nilikuwa nimelifundisha ubaoni kwa miaka. Wanafunzi wakaliandika, wakalikariri, wakafaulu. Yule binti alilipanga kwa mikono yake kwa dakika chache. Wiki mbili baadaye tuliporudi, alikwenda moja kwa moja kwenye majani yake kuona yamefikia wapi.

Hapo kwenye kurudi ndipo ninapoweka mkazo. Ukitaja elimu ya mazingira ya nje, wengi huwaza basi la kukodi, hifadhi ya mbali, siku moja kwa mwaka. Safari kama hiyo ni nzuri na sitaikataza. Lakini nimeona faida kubwa zaidi ikitoka mahali padogo, karibu na darasa, panaporudiwa mara nyingi na swali mkononi. Mwongozo huu ni wa mwalimu anayetaka kujenga jambo hilo, awe na uwanja mpana au mti mmoja kando ya ukuta.

Kabla ya yote: hoja za kumpelekea mkuu wa shule

Utaulizwa kama huko nje ni kujifunza au ni kucheza. Jibu lipo, na ulitoe kwa uhakika.

Mkutano wa kiserikali wa UNESCO na UNEP, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya elimu na ya mazingira, uliofanyika Tbilisi, Georgia, Oktoba 1977, uliweka malengo matano ya elimu ya mazingira ambayo bado ndiyo msingi wa kazi hii: ufahamu, maarifa, mitazamo, stadi na ushiriki. Yasome tena hayo matano. Maarifa unaweza kuyatoa ubaoni. Manne yaliyobaki hayakai vizuri ndani ya kuta nne. Mtoto hapati stadi ya kupima maji kwa kuchora kipimio, wala hapati mtazamo juu ya udongo ambao hajawahi kuushika.

Lipo pia suala la umakini, ambalo walimu wengi huliogopa: je, wakirudi ndani watatulia? Mwaka 2018, Ming Kuo na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa walimu wawili waliofundisha kila wiki, kwa wiki 10, somo moja nje penye miti na majani na jingine la kufanana nalo ndani. Baada ya somo la nje, idadi ya mara ambazo mwalimu alilazimika kusitisha kufundisha ili kuwarudisha wanafunzi kwenye kazi ilipungua karibu kwa nusu katika kipindi cha ndani kilichofuata. Ulikuwa utafiti mdogo, na uwasilishe hivyo hivyo, lakini unagusa hofu yenyewe.

Kwa wazazi, hoja ya macho huingia haraka. Huko Guangzhou, China, shule za msingi 12 zilihusishwa katika jaribio ambapo baadhi ya shule ziliongezewa dakika 40 za shughuli za nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka 3, watoto waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4 katika shule zilizoongezewa muda wa nje, dhidi ya asilimia 39.5 katika zile nyingine. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015. Watoto wa pale hawakufundishwa mazingira. Walipata tu mwanga wa nje. Somo lako la nje linawapa sehemu ya mwanga huo bila kuutafuta.

Hoja ninayoipenda mimi ni ya mtafiti Louise Chawla, aliyewahoji watetezi wa mazingira huko Kentucky, Marekani, na Norway kuhusu kilichowaingiza katika kazi hiyo. Yaliyojitokeza sana ni nyakati walizokaa kwenye maeneo ya asili na watu wazima wa familia waliowaonyesha mambo. Mwalimu anaweza kuwa mtu mzima wa namna hiyo kwa mtoto ambaye nyumbani hana wa kumwonyesha.

Hatua ya kwanza: chagua mahali, kisha upazoee mwenyewe

Tafuta mahali ambapo mnaweza kufika kwa miguu ndani ya dakika tano. Kigezo hiki ni muhimu kuliko uzuri wa mahali. Penye umbali wa nusu saa mtakwenda mara moja kwa muhula. Penye umbali wa dakika tano mtakwenda kila wiki.

Usidharau panapoonekana hapana kitu. Ufa kwenye sakafu ya saruji una sisimizi na mmea. Ukuta wa upande usiopigwa na jua una kuvu na kuvumwani (kuvu na mwani wanaoishi pamoja kama kiumbe kimoja). Mfereji wa maji ya mvua unaonyesha udongo unavyohama. Ukipata mahali penye vitu viwili vinavyotofautiana, umepata hazina: kivuli na jua, njia iliyokanyagwa na nyasi zisizokanyagwa, chini ya mti na uwanja mtupu. Tofauti huzaa maswali zenyewe.

Nenda peke yako mara mbili kabla ya kuwapeleka wanafunzi, na moja ya siku hizo iwe saa ileile ya kipindi chako. Kaa chini dakika kumi bila kufanya kitu. Andika unachosikia, jua linapopiga, wadudu wanapopita, mahali penye vioo vilivyovunjika, matawi makavu yanayoning'inia, mizinga ya nyuki au vichuguu. Ukimaliza, utakuwa na orodha ya hatari na orodha ya maswali kwa wakati mmoja.

Hatua ya pili: swali moja tu

Kosa nililolifanya kwa muda mrefu ni kutoka na mada. "Leo tunajifunza udongo." Wanafunzi wakifika nje na mada, hutawanyika, wakifika na swali, huinama. Linganisha na hili: "Maji yanaingia ardhini haraka zaidi wapi, chini ya mti au kwenye njia?"

Swali linalofaa lina sifa tatu. Linajibika hapo hapo kwa kutazama, kuhesabu au kupima. Kila mwanafunzi anaweza kulibashiria kabla ya kutoka. Na jibu lake huleta swali jingine. Mfano wa maswali yaliyonifaa: Aina ngapi za mimea ziko ndani ya mraba huu? Je, upande wa mti unaopata jua una viumbe walewale wa upande wa kivuli? Jani huchukua muda gani kutoweka? Mti huu una urefu gani, na tutajuaje bila kuupanda?

Waandike ubashiri wao ndani ya darasa, kwa kalamu, pamoja na sababu. Mwanafunzi aliyeandika ubashiri ana jambo la kulitetea akifika nje.

Hatua ya tatu: waandae ili ugeni usiwameze

Mwalimu akitoka nje na wanafunzi kwa mara ya kwanza, mara nyingi dakika kumi na tano za mwanzo hupotea. Nir Orion na Avi Hofstein, waliochunguza safari za masomo ya sayansi, walieleza mwaka 1994 kwamba ugeni wa namna tatu huzuia kujifunza: ugeni wa maarifa na stadi zitakazotumika, ugeni wa mahali penyewe, na ugeni wa hali, yaani mwanafunzi hajui siku itakwendaje. Kadiri unavyoupunguza kabla ya kutoka, ndivyo wanavyojifunza zaidi.

Kwa hiyo, fanya haya ndani ya darasa siku moja kabla. Wafundishe kutumia kila kifaa, wakihesabu maharage yaliyomwagwa mezani ndani ya mraba wa kamba. Wachoree ramani ya mahali mtakapokwenda. Waambie mtaanza vipi, mtakaa muda gani, ishara ya kukusanyika ni ipi, choo ni wapi, na nini kitafanyika mtoto akichoka au akiogopa. Watoto wengi huogopa wadudu na hawasemi. Anayeogopa mpe kwanza kazi ya kuandika takwimu za kundi lake. Usimlazimishe kushika kitu. Mara nyingi, ikifika safari ya tatu, atainama mwenyewe.

Na hii ndiyo sababu nyingine ya kurudi mahali palepale: safari ya pili ugeni umepungua, ya nne umekwisha, na dakika zote ni za kazi.

Hatua ya nne: usalama, bila kuugeuza kuwa kisingizio

Fuata kanuni za shule yako kuhusu vibali vya wazazi na idadi ya walimu. Mimi naongeza haya.

Jua nani ana pumu, nani hudhurika akiumwa na nyuki, na dawa zao ziwe mkononi mwako huko nje, zisibaki kabatini. Wanafunzi wawe wawili wawili, kila mmoja akiwajibika kumjua mwenzake alipo. Hesabu watu mnapotoka, mnapofika, kila mnapobadilisha shughuli na kabla ya kurudi. Weka mipaka inayoonekana kwa macho, "kutoka mti ule mpaka kona ya ukuta", kwa sababu "msiende mbali" kila mtoto huielewa kivyake.

Hakuna kuonja mmea wala uyoga wowote. Hakuna kuingiza mkono kwenye shimo au mahali usipopaona. Jiwe huinuliwa kwa kulivuta upande wako, ili kilicho chini kitokee upande wa pili, mbali na miguu yako. Hakuna kuingia kwenye maji msiyoyajua kina wala usafi wake. Mikono huoshwa kwa sabuni mkirudi.

Kuhusu radi kuna kanuni rahisi ambayo wanafunzi hupenda kuifanyia hesabu. Sauti husafiri mita zipatazo 340 kwa sekunde, kwa hiyo kila sekunde tatu kati ya mwanga na ngurumo ni takriban kilomita moja. Zikiwa sekunde 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita kama 10: ingieni ndani ya jengo mara moja, msijikinge chini ya mti, na msitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Manyunyu peke yake hayana tatizo. Baadhi ya masomo bora ya udongo niliyowahi kuyaona yalifanyika mara baada ya mvua kukatika.

Hatua ya tano: vifaa, vichache na vya kudumu

Kwa kila kundi la watu wanne au watano: kamba ya mita nne iliyofungwa fundo kila baada ya mita moja, vigingi vinne, rula au utepe wa kupimia, kipande cha kadibodi ngumu cha kuandikia chenye kibanio, penseli (wino huchuruzika ukilowa), na chombo cheupe kama mfuniko wa ndoo ya rangi kwa ajili ya kutazamia wadudu. Vioo vya kukuzia vikiwepo ni heri; visipokuwepo, kazi inaendelea. Kipimajoto kimoja au viwili, saa ya kuhesabia sekunde, na kopo lililokatwa pande zote mbili vinatosha kwa muhula mzima.

Vitie vyote kwenye ndoo moja yenye mfuniko, vikae tayari. Mwalimu anayelazimika kukusanya vifaa upya kila mara huacha kutoka baada ya mwezi.

Hatua ya sita: kipindi chenyewe

Kwa kipindi cha dakika 40, mgawanyo ulionifaa ni dakika 5 za kwenda na kukaa kimya, 22 hadi 25 za kazi, na zilizobaki za kuzungumza palepale. Msikimbilie kurudi ndani kujadili. Hoja ya mwanafunzi aliyesimama mbele ya kitu anachokizungumzia ni tofauti kabisa na hoja ya anayekikumbuka.

*Anza kwa ukimya.* Kila mwanafunzi achague mahali pake, umbali wa hatua tano au sita kutoka kwa mwenzake, akae dakika tatu bila kusema. Achore alama ya msalaba katikati ya karatasi kuonyesha alipo, kisha aweke alama kwa kila sauti anayoisikia, upande inakotoka na umbali anaoukadiria. Mara ya kwanza watacheka. Usikasirike, rudia wiki ijayo mahali palepale. Kwa mwanafunzi asiyeona au mwenye uoni hafifu, zoezi hili mara nyingi humweka mbele ya darasa zima, na ni haki yake kuwa mbele siku moja.

*Kisha kazi ya swali.* Nitaeleza mbili kwa kirefu, kwa sababu zinaweza kurudiwa mwaka mzima.

Ya kwanza ni mraba wa kuhesabu. Tatizo lake kubwa ni uchaguzi wa mahali pa kuweka kamba. Ukiwaachia, wanafunzi huweka penye vitu vya kuvutia, kisha hesabu yote inaonyesha utajiri usiokuwepo. Pimeni eneo la mita 10 kwa 10, andikeni namba 0 hadi 9 kwenye vikaratasi, na kila kundi livute kikaratasi mara mbili, likikirudisha baada ya kuvuta: namba ya kwanza ni mita za kwenda mbele kutoka kona moja ya eneo, ya pili ni za kwenda pembeni. Hapo ndipo kona ya mraba. Mmea unaogusa kamba uhesabiwe upande wa juu na wa kushoto tu, usihesabiwe pande nyingine mbili, ili usihesabiwe mara mbili. Makundi matano yakipata jumla ya mimea 35 ya aina moja, wastani ni 7 kwa kila mita ya mraba, na eneo lote la mita za mraba 100 linakadiriwa kuwa na mimea 700. Mwalimu wa hisabati akiliona hilo, utakuwa umepata mwenzako.

Majina ya viumbe yasikutishe. Sema "sijui, tukitazame" bila aibu. Kuainisha huanza na kuhesabu miguu: sita ni mdudu, minane ni buibui na jamaa zake. Wenye miguu mingi watazamwe pingili kwa pingili: jongoo ana jozi mbili karibu kila pingili, tandu ana jozi moja, na tandu huuma, kwa hiyo atazamwe bila kushikwa. Wanafunzi wakampe kila kiumbe jina lao la muda, "mweusi mwenye mistari", na jina la kweli litatafutwa baadaye. Kuna mtoto atakayebeba jina la muda kwa wiki tatu mpaka alipate la kweli, na hatalisahau. Kila jiwe na gogo lirudishwe lilivyokuwa, taratibu, viumbe wakisogezwa pembeni kwanza. Unyevu wa chini yake ndio uhai wao.

Ya pili ni kupima maji yanavyozama. Chukua kopo lililo wazi juu na chini, lizamishe ardhini sentimita tatu, mimina nusu lita ya maji, anza kuhesabu sekunde. Fanya hivyo chini ya mti penye majani makavu (sogeza majani kwanza), kisha kwenye njia wanapopita wanafunzi kila siku. Siku tulipofanya zoezi hili, chini ya mti maji yalitoweka kabla mwenye saa hajaizoea saa. Kwenye njia yalikaa. Wanafunzi wakachuchumaa kulizunguka kopo, wakisubiri, mmoja akapiga udongo kwa kidole na kusema, "Umefungwa." Ndivyo hasa. Mizizi na nyungunyungu huacha vijia ndani ya udongo, na majani makavu hupokea pigo la matone ya mvua. Nyayo huvigandamiza vijia hivyo mpaka vikaziba. Maji yasiyozama hutiririka, yakitiririka hubeba udongo. Mmomonyoko wa ardhi, ambao kitabuni ni aya moja yenye picha ya korongo, ulikuwa umekaa ndani ya kopo mbele yao.

Kazi nyingine nitazigusa tu. Urefu wa mti: simamisha fimbo ya mita 1 asubuhi au alasiri, pima kivuli chake na kivuli cha mti, kivuli cha fimbo kikiwa sentimita 80 na cha mti mita 6.4, mti una mita 8. Aina ya udongo: jaza theluthi moja ya chupa kwa udongo, ongeza maji, tikisa, weka alama baada ya dakika moja mchanga unapotua, baada ya saa mbili kwa tope laini, na kesho yake kwa mfinyanzi. Joto: kipimajoto kivulini na kwenye sakafu ya uwanja, saa ileile, kila wiki.

*Malizia kwa duara.* Uliza mambo mawili: umeona nini ambacho hukukitegemea, na sasa unataka kujua nini? Jibu la pili ndilo swali la safari ijayo. Liandike mbele yao.

Hatua ya saba: daftari la mahali

Kila mwanafunzi awe na daftari lake, lakini darasa liwe na moja kubwa la pamoja, daftari la mahali. Kila safari ina ukurasa: tarehe, saa, hali ya hewa, joto, swali, takwimu, mchoro mmoja, na jambo moja lililobadilika tangu safari iliyopita.

Hilo la mwisho ndilo moyo wa kazi. Mti ulipukutisha majani lini? Sisimizi walihamia wapi baada ya mvua? Mahali palipokuwa na mimea 7 sasa pana mingapi? Baada ya muhula mmoja, wanafunzi wanakuwa na kitu ambacho hakimo kwenye kitabu chochote duniani, historia ya kipande chao cha ardhi, na wameiandika wao. Shule yenye intaneti inaweza kwenda mbele zaidi: mpango wa GLOBE, ulioanza kazi mwaka 1995, hupokea vipimo vya hewa, udongo na maji kutoka kwa wanafunzi wa nchi nyingi, kwa utaratibu mmoja wa upimaji. Shule isiyo na intaneti haipungukiwi na kitu cha msingi.

Upimaji wa maendeleo ufanye kwa njia hii: kabla ya safari ya kwanza waambie wachore mahali hapo kwa kumbukumbu, na baada ya miezi mitatu wachore tena. Mchoro wa kwanza huwa na mti, jua na nyasi. Wa pili huwa na vitu chini ya ardhi, mishale ya maji, wadudu wenye idadi sahihi ya miguu. Mwonyeshe mzazi michoro hiyo miwili kwa pamoja, na hutahitaji maelezo marefu.

Hatua ya nane: kutoka kujua kwenda kutenda

Usianze hapa. Nimeona watoto wadogo wakianzishiwa elimu ya mazingira kwa picha za misitu inayoungua na wanyama wanaokufa, kisha wakaambiwa dunia iko mikononi mwao. Huo ni mzigo mzito kwa mtu wa miaka minane, na aliyelemewa hujifunza kugeuza uso pembeni. Wape kwanza nafasi ya kupapenda mahali. Makubwa watayakuta wakiwa na mizizi.

Wakishapajua, wao wenyewe wataona kasoro: maji ya paa yanayochimba udongo, njia ya mkato inayoua nyasi, taka zinazokwama mferejini. Wachague moja, ndogo kiasi cha kumalizika ndani ya muhula. Wapime kabla, watende, wapime tena. Wale wa kopo la maji waliamua kufunika sehemu ya ardhi tupu kwa majani makavu na kuizungushia kamba watu wasipite, kisha wakawa wanarudi na kopo lao kila baada ya wiki mbili. Walitakiwa pia kwenda kumweleza mkuu wa shule kwa nini njia ya mkato ifungwe. Hapo ushiriki, lile lengo la tano la Tbilisi, ulipata sura: watoto wanne wakiwa na jedwali la sekunde mkononi.

Kupanda miti ni kuzuri, ila kuna swali la kulijibu kabla ya kuchimba shimo la kwanza: nani atamwagilia wakati wa likizo? Miche mitano yenye majina ya wahusika na zamu zilizoandikwa ni bora kuliko miche mia iliyopandwa kwa picha na kukauka kabla muhula mpya haujafunguliwa. Mtoto aliyeona mche wake ukifa kwa kusahauliwa na watu wazima amefundishwa pia, na alichofundishwa ni kibaya.

Ukikwama

Darasa la watu sitini halitoki lote kwa wakati mmoja ukiwa peke yako. Gawa mara mbili: nusu ifanye hesabu za takwimu za wiki iliyopita ndani, chini ya mwalimu mwenzako, nusu itoke, kisha wabadilishane. Kama hakuna wa kukusaidia, fanyia kazi dirishani na mlangoni mpaka apatikane. Usiache nusu ya darasa bila mtu.

Kama mtaala unakubana, usitafute kipindi kipya. Fungua andalio lako la wiki ijayo, utafute mada moja ambayo tayari ipo, iwe wastani, mizani ya ramani, insha ya maelezo, au mnyororo wa chakula, na uihamishe nje. Mwalimu wa lugha atashangaa jinsi insha inavyobadilika mwandishi akiwa amekaa mbele ya anachokieleza.

Kama wanafunzi wamefanya fujo safari ya kwanza, rudi nao. Wape kazi fupi zaidi, eneo dogo zaidi, na swali lililo wazi zaidi. Fujo nyingi za siku ya kwanza ni ugeni tu, na ugeni hauondoki kwa kukaa ndani.

Jumatatu, kabla hujafuta ubao, andika kwenye kona swali lililotoka kwenye duara la mwisho, uliache hapo wiki nzima. Siku ya kutoka ikifika, mwanafunzi mmoja ataibeba ndoo, mwingine daftari la mahali, na utawasikia wakibishana juu ya jibu kabla hawajafika mlangoni.